NANI ALILIPA? HISTORIA YA MALIPO YA MASOMO KATIKA NCHI ZETU



Katika kitabu hiki cha Jubilei mmekwisha kusoma habari za Mapadri waliojenga kanisa letu, za Masista, za makatekista na za kwaya. Sisi wa kamati ya msaada wa masomo tuliombwa kuandika juu ya jambo lisilo na picha. Hakuna aliyepiga picha siku mtoto alipotolewa darasani kwa kuwa wazazi wake hawakulipa. Wala hakuna aliyepiga picha siku aliporudishwa. Lakini katika nyumba nyingi za parokia yetu, mtu akiulizwa Kanisa lilimtendea nini, hataanza na kengele wala na mnara. Atasema: «Walinilipia masomo.» Na mwingine atasema: «Walinifukuza masomo.» Wote wawili wanasema kweli, na mara nyingine wote wawili ni mtu mmoja.

Tumeona hatuwezi kueleza kazi ya kamati yetu tusipouliza kwanza swali hili: tangu siku ya kwanza ya masomo katika nchi zetu, nani alilipa? Maana masomo ya bure hayajakuwako hata siku moja. Mwalimu alikula, chaki ilinunuliwa, mabati yalibebwa kutoka mbali. Palipoandikwa neno «bure», palikuwa na mtu fulani, wa karibu au wa ng'ambo, aliyefungua kifuko chake. Tena mwenye kulipa ndiye mara nyingi aliyechagua nani asome, asome nini, na masomo yamfikishe wapi.

Watoto waliolipiwa kabla ya kujua kusoma

Yafaa kuanzia kwenye ziwa Tanganika, kwa kuwa katika mashariki ya nchi yetu kalamu ya wamisionari ilifika kwa njia ile. Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa na Askofu Mkuu Lavigerie huko Aljeria mwaka 1868, walifika Ujiji mwaka 1879. Mwaka uliofuata walivuka maji wakafungua kituo cha Mulweba upande wetu. Mwaka 1883 wakajenga Kibanga, na mwaka 1885 wakapokea Mpala mikononi mwa watu wa Mfalme Leopold wa Pili.

Siku zile misafara ya watumwa ilikuwa ingali inapita kutoka Maniema kuelekea ziwani. Mapadri walikomboa watoto kwa kulipa nguo na bidhaa nyingine, wakawaweka katika nyumba za yatima, wakawafundisha sala, herufi na kilimo. Tulitafakari jambo hili: hao ndio wanafunzi wa kwanza wa masomo ya kikatoliki pwani ile. Wao hawakulipa kitu. Wao wenyewe ndio waliolipiwa, tena kabla ya kujua alfabeti.

Fedha zilitoka wapi? Sehemu yake ilitoka kwa watoto wenzao. Mwaka 1843 Askofu Forbin-Janson wa Nancy, huko Ufaransa, alikuwa ameanzisha shirika la Utoto Mtakatifu. Kila mtoto wa Ulaya aliyeingia humo aliombwa kutoa senti moja kwa mwezi na kusali Salamu Maria moja kwa siku juu ya watoto wa nchi za misioni. Watoto wetu wanaochangia kila mwaka siku ya Utoto Mtakatifu pengine hawajui kwamba sarafu yao inafuata njia ile ile iliyowaleta babu zao darasani, ila sasa inasafiri kwa upande mwingine.

Hatutaki kuficha upande wa pili. Mtoto aliyekombolewa hakuachwa aende apendapo. Alikua chini ya misioni, alioa misioni, alilima shamba katika kijiji cha kikristu, akatii sheria za Padri kama za mtemi. Kuondolewa katika kamba ya mfanyabiashara kulikuwa wokovu kweli, na mtu asiyeona hivyo hajafikiri kamba ile ilikuwa nini. Hata hivyo yule aliyelipiwa alibaki na deni ambalo hakuna aliyemwambia kiasi chake. Deni la namna hiyo tumelikuta tena katika kazi yetu, miaka mia moja baadaye, nasi tutalisema mahali pake.

Udongo, jembe na matofali

Tarehe 26 ya mwezi wa tano mwaka 1906, Papa na Dola Huru ya Kongo waliandikiana mapatano. Kila misioni iliahidi kufungua masomo kwa watoto wa nchi, na Dola ikaahidi kuipa misioni udongo, hekta 100, na kama lazima ingekuwako, hata 200. Mwaka huo huo wa 1906 Habari Njema ilifika kwetu Kivu, ndiyo sababu diosezi yetu kuu ya Bukavu ilifanya sikukuu ya miaka mia moja mwaka 2006. Basi Dola ilitoa udongo, haikutoa mshahara. Udongo ule ulipaswa kuzaa maharagwe, kahawa na matofali, navyo vizae masomo.

Ndipo tunaelewa masimulizi ya wazee wetu. Ukiwauliza walilipa minervali ya kiasi gani zamani zile, wanacheka. Hawakumbuki minervali, wanakumbuka matofali. Wanakumbuka kuchota maji, kupalilia shamba la misioni, kubeba mawe ya msingi wa kanisa, kisha kuimba hesabu mbele ya katekista. Katekista mwenyewe alipata chumvi, kitambaa na franka chache, na bado alilima shamba lake ili watoto wake wasilale njaa. Watu husema siku hizi kwamba wamisionari walisomesha bure. Sisi tunasema asiyelipa kwa franka alilipa kwa mgongo, na kanisa nyingi tunazozionea fahari zina jasho la wanafunzi ndani ya kuta zake.

Serikali ya Wabelgiji ilianza kutoa ruzuku kwa utaratibu kati ya mwaka 1925 na 1929, ilipopatana na misioni na kutoa mpango mmoja wa mafundisho. Lakini ilizipa misioni zilizoitwa «za kitaifa», maana yake za Ubelgiji, na kwa hiyo karibu zote zilikuwa za kikatoliki. Ndugu zetu Waprotestanti walingoja mpaka mwaka 1948. Kwa zaidi ya miaka ishirini mtoto wa kijiji kimoja alisoma kwa ruzuku, na jirani yake wa kijiji kingine alisoma kwa sadaka tupu, kwa sababu tu Baba yake Mchungaji alikuwa Mwingereza, Mswidi au Mmarekani. Katika kitabu cha Jubilei watu wapenda kuandika mema yao peke yake. Sisi tumeona haki kuandika na hili.

Ruzuku ile ilienda zaidi kwa masomo madogo. Mtoto alijifunza miaka miwili, au mitano akiwa na bahati, kisha arudi shambani au akatafute kazi kwa Mzungu. Masomo ya juu yalikuwa mlango mwembamba. Mjini kwetu Bukavu Mayezuiti walifungua koleji mwaka 1938, ile inayoitwa leo Alfajiri. Ilianzishwa kwa ajili ya watoto wa Wazungu, na watoto wetu waliingia baadaye. Lovanium, huko Léopoldville, ilifunguliwa mwaka 1954 tu, na mwaka huo huo Waziri Buisseret akaanza kufungua kwa watoto Waafrika masomo ya Serikali yasiyo ya misioni. Ilipofika 1960, mwaka wa uhuru, Wakongo waliomaliza univerziti hawakufika 30 katika nchi nzima.

Ngazi ya maskini

Lakini mapadri wazalendo walikuwa tayari mamia. Kwa nini? Jibu moja ni neema ya Mungu. Jibu la pili ni kwamba seminari ilikuwa na mtu wa kulipa.

Historia yake ni nzuri na haijulikani sana kwetu. Askofu Cousin wa Nagasaki, huko Japani, alikuwa na vijana waliotaka upadri, ila hakuwa na fedha za kuwalisha wala kuwafundisha. Aliandika barua zikafika Caen, mji wa Ufaransa, kwa mjane mmoja na binti yake, Stéphanie na Jeanne Bigard. Hao wawili wakaanzisha mwaka 1889 Shirika la Mtakatifu Petro Mtume, ili kusaidia seminari za nchi za misioni. Mtu aliweza kutoa fungu moja kubwa, nalo likawekwa. Faida yake ya kila mwaka ikamsomesha seminarista mmoja, na huyo akimaliza, mwingine akashika nafasi yake. Wengine ambao hawakuwa na mali walikusanya kidogo kidogo. Waliita fungu hilo bursi. Jeanne Bigard alitumia urithi wake humo, akafa mwaka 1934 baada ya ugonjwa mrefu wa akili, bila kuona hata mmoja wa mapadri wetu. Mwaka 1922 Papa alikuwa amekwisha kulifanya shirika hilo kuwa lake mwenyewe.

Mfano wa kwanza wa ngazi ya seminari twaujua sote: Stefano Kaoze, mtoto wa milima ya Marungu. Alianza Mpala, akasoma kwa zaidi ya miaka kumi na mitano Kilatini, filosofia na teolojia, mpaka Askofu Roelens akampa upadri tarehe 21 ya mwezi wa saba mwaka 1917 huko Baudouinville, leo Kirungu ya Moba. Ndiye padri wa kwanza wa Kongo ya Wabelgiji. Hakuna baba wa Marungu wa siku zile ambaye angeweza kulipa miaka kumi na mitano.

Wengi walipanda ngazi ile wasifike juu yake. Walitoka seminari wakawa walimu, makarani, na hata wakubwa wa nchi. Prezida Kasavubu mwenyewe alikuwa seminarista. Mapadri walijua kwamba watoto wengine huitwa na Mungu na wengine huitwa na meza ya chakula. Walijua, wakawapokea hata hivyo, na sisi twawashukuru kwa kufumba jicho moja.

Ila wasichana hawakuwa na ngazi. Bursi zilitafuta mapadri, na mpango wa Serikali uliwapa wasichana ushonaji, usafi na upishi. Msichana maskini mwenye akili alikuwa na mlango wa utawa, na karibu hakuna mwingine. Mwanamke Mkongo wa kwanza kumaliza univerziti, Sophie Kanza, alimaliza Lovanium mwaka 1964, miaka arobaini na saba baada ya upadri wa Kaoze. Tunapoandika majina katika kijitabu chetu tunaikumbuka ile miaka arobaini na saba.

Serikali ilipochukua, na Serikali ilipoacha

Juu ya miaka ya kwanza ya uhuru hatutasema mengi. Maasi na vita viliharibu masomo mengi ya mashariki. Lakini panapo utulivu, Serikali ililipa walimu, na wazazi walitoa minervali ambayo mfanyakazi wa kawaida aliweza kuitoa.

Mwisho wa mwaka 1974 Prezida Mobutu alitangaza kwamba masomo yote ni ya Serikali. Misalaba iliondolewa katika madarasa na dini ikatoka katika programu. Haikuchukua muda, Serikali ikaona mzigo umeishinda. Tarehe 26 ya mwezi wa pili mwaka 1977 ilitia sahihi mapatano na makanisa: Serikali hulipa walimu na huweka programu, Kanisa huongoza masomo yake. Ndiyo masomo tunayoyaita mpaka leo ya konvansio. Kwa sheria si masomo ya mtu binafsi, ni ya Serikali chini ya mkono wa Kanisa. Lakini mzazi aliyesimama mbele ya dirisha la mlipaji na franka zisizotosha hakuona tofauti yoyote kati yake na masomo ya kununua.

Maana nusu moja ya mapatano ilikufa. Fedha ya Zaïre ilianguka mpaka ikafika siku, mwaka 1993, ambapo zaire mpya moja ilibadilishwa na za zamani milioni tatu. Mshahara wa mwalimu haukununua tena hata gunia la mihogo, na mara nyingi haukufika. Walimu waligoma, masomo yakafungwa miezi mingi. Hapo ndipo, mwaka wa masomo 1992-1993, Maaskofu na wajumbe wa wazazi walipokubaliana kwamba wazazi watatoa kitu ili mwalimu arudi mbele ya ubao. Kitu hicho kiliitwa primi.

Tunawaomba vijana wasihukumu haraka. Bila primi, kizazi kizima kingebaki barabarani. Vita vya 1996 na 1998 vilipokuja, Bukavu ikampoteza Askofu Mkuu Munzihirwa, aliyeuawa tarehe 29 ya mwezi wa kumi 1996. Mashariki yote ikakatwa na Kinshasa, mshahara ukasahauliwa kabisa, na bado kengele za masomo zililia saa moja na nusu asubuhi. Aliyezifanya zilie ni mama mwenye kuuza sambaza, ni baba mbebaji wa mizigo pwani ya ziwa, ni mjane mwenye kutengeneza kasiksi. Hao walilipa masomo ya Kongo, na hakuna jengo lenye jina lao.

Lakini dawa ya siku chache tulikunywa miaka ishirini na saba. Tena haikubaki primi tu. Palizaliwa malipo ya uendeshaji, ya mtihani, ya karatasi, ya bima, ya ujenzi, na sehemu yake ilipanda kila mwezi kwenye ofisi za juu, za Serikali na za Kanisa vilevile. Mtoto wa maskini akawa analisha ngazi nzima ya watu aliopaswa kulishwa nayo. Jambo hili lilijulikana na wote na lilisemwa na wachache.

Kijitabu

Kamati yetu ilizaliwa katika miaka ile ya vita, asubuhi ya siku ya kwanza ya juma. Siku hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kufukuza. Direktere alipita darasa hata darasa na orodha, majina yakasomwa, watoto wakatoka na mifuko yao. Baadhi yao hawakwenda nyumbani kwa kuogopa kumwongezea mama huzuni; walikuja wakakaa kwenye ngazi za kanisa mpaka saa sita, kisha wakarudi nyumbani kana kwamba wamesoma. Mama mmoja wa shirika letu, aliyekuja kufagia kanisa, ndiye aliyewahesabu kwanza. Alikwenda kwa Padri, akamwambia: «Padri, masomo yanayowafukuza ni yetu, na ngazi wanazokalia ni zetu.»

Hatukuwa na jibu, na kusema kweli hatunalo mpaka leo. Tusilipe, mwalimu hali. Mwalimu aliyesoma orodha ile alikuwa na watoto wake nyumbani, na pengine wao pia walifukuzwa mahali pengine asubuhi ile ile. Tulifanya kilichowezekana: mchango wa pili mara moja kwa mwezi, mavuno ya kila shirika, fungu dogo kutoka likelemba ya wamama, na zawadi za wana wa parokia walioko mbali. Tukanunua kijitabu, tukaandika majina.

Tulikosa mara nyingi, na hapa tunaandika makosa yetu ili watakaotufuata wasianze nayo.

Kosa la kwanza lilikuwa kusoma majina ya waliosaidiwa mwisho wa Misa. Tulitaka watoaji wafurahi na hesabu iwe wazi. Msichana mmoja wa darasa la tano, aliyekuwa wa kwanza darasani, hakurudi masomo juma lililofuata. Wenzake walikuwa wamempa jina: «mtoto wa kapu», yaani kapu la sadaka. Tulikwenda kwao mara tatu. Mara ya tatu baba yake alituambia kwa upole kwamba heri mtoto asiyejua kusoma kuliko mtoto asiyeweza kuinua uso. Hilo ndilo lile deni lisilo na kiasi tulilolitaja kwa watoto wa Tanganika. Tangu siku ile jina halisomwi. Fedha inakwenda moja kwa moja kwa mlipaji wa masomo, na mtoto anapewa risiti kama mwenzake yeyote.

Kosa la pili: tulilipa primi, tukasahau daftari, viatu na sare. Mtoto alifukuzwa tena, safari hii kwa sababu ya shati. Msaada wa nusu ni kama daraja lisilofika ng'ambo.

Kosa la tatu lilikuwa zito zaidi, nalo halikuonekana upesi. Tulikuwa tumesema: jamaa moja, mtoto mmoja, ili wengi wapate. Kila jamaa ikatuletea mvulana. Tulipofungua kijitabu baada ya miaka michache, majina ya wasichana yalikuwa machache mno, na wasichana hao karibu wote walikuwa yatima, yaani wasiokuwa na kaka wa kuwatangulia. Hatukuwa tumekusudia. Mpango wa 1929 nao huenda haukukusudia mambo yote uliyoyazaa. Tukabadili sharti: jamaa yenye msichana wa umri wa masomo huleta jina lake kwanza. Baba wengine walikasirika, na mmoja alihamia shirika jingine, baadaye alirudi.

Na kosa la nne hatujalimaliza. Tunamsaidia tunayemjua. Mjane aimbaye katika kwaya anajulikana. Mtoto wake akikosa malipo, watu kumi wanakuja kutuambia. Mbebaji wa mizigo ambaye siku ya Mungu ndiyo siku yake ya kazi, kwa kuwa siku hiyo vyombo vya ziwani hufika na bidhaa za soko, yeye hajulikani. Wala hathubutu kuja, maana anadhani ataulizwa kadi ya sakramenti. Tulipotuma watu wawili washuke kwenye gati kuuliza majina, wengine kati yetu walinung'unika: je, sadaka ya wakristu iende kwa wasiosali? Tulijadiliana siku mbili. Padri Paroko hakusema neno mpaka mwisho, ndipo akauliza watoto wa Kibanga walikuwa wakristu wa shirika gani siku waliponunuliwa. Tukaandika majina ya watoto wa gati.

Bure tena

Katiba ya tarehe 18 ya mwezi wa pili mwaka 2006 ilisema katika kifungu cha 43 kwamba masomo ya msingi ya Serikali ni ya lazima na ya bure. Mwaka 2010 ilijaribiwa kidogo katika madarasa ya chini. Mwezi wa tisa mwaka 2019 Prezida Tshisekedi aliamuru ianze kweli katika masomo yote ya msingi ya Serikali, ya konvansio nayo ndani, na primi ikakatazwa.

Tuliokuwa na kijitabu tulilia kwa furaha, na hatuoni haya kusema. Watoto tuliokuwa tukiwatafuta gatini walikuja wenyewe wakiimba. Lakini darasa la watoto hamsini likawa na mia na zaidi, watatu walikaa kwenye benchi la wawili, na wengine chini. Walimu wengi walikuwa hawamo katika orodha ya mshahara. Zamani primi ndiyo iliyowalisha, na sasa walibaki bila hiki wala kile. Palitokea migomo. Wazazi wenye uwezo wakahamisha watoto wao kwenye masomo ya watu binafsi, yanayolipiwa kwa dola. Hivyo mtoto wa mwalimu mkubwa na mtoto wa mbebaji, waliokuwa wakifukuzwa na kurudi katika darasa moja, sasa hawaonani tena. Maaskofu wetu walisifu ubure huo, wakaonyesha na upungufu wake, nasi hatuna la kuongeza.

Masomo ya sekondari hayakuingia katika amri ile. Kwa hiyo kijitabu chetu kilihama: kilitoka darasa la kwanza kikaenda darasa la saba na kuendelea, mahali ambapo malipo ni makubwa zaidi na ambapo msichana wa miaka kumi na minne, akifukuzwa juma mbili, anaweza asirudi kabisa. Tunawalipia wachache kuliko zamani, kwa miaka mingi zaidi. Tulijifunza kutoka kwa Jeanne Bigard: heri kumfikisha mmoja kwenye Eksamini ya Leta kuliko kuwaanzisha watano na kuwaacha njiani. Wenzetu wengine wa kamati hawakubaliani na hilo, na kila mwezi wa nane ugomvi huo unaanza upya.

Mwaka 2025, vita ilipoingia Bukavu mwezi wa pili na benki zikafunga milango, fungu tulilokuwa tumeweka halikuweza kutoka. Mashirika yakarudi kwenye desturi ya zamani. Yalileta maharagwe, makaa na mafuta ya mawese; tukaviuza, tukalipa. Prefe mmoja alikubali kupokea maharagwe yenyewe juu ya walimu wake, akatuandikia risiti: «mifuko miwili, robo ya pili.» Risiti hiyo tumeibandika katika kijitabu.

Kijitabu ni cha tatu sasa. Viwili vya kwanza vimejaa. Viko katika sanduku la mweka hazina, pamoja na risiti. Mkristu yeyote anaweza kuja baada ya Misa ya pili kuangalia hesabu za fedha zilizoingia na zilizotoka. Kurasa za majina ya watoto zimefungwa kwa uzi, na uzi huo haukatwi.